Barua za Wasomaji: Usitoke Kituoni Bila Nambari

Barua zilizoingia mwezi huu nyingi zinalia kilio kimoja: wizi umezidi, polisi hawaamki, na tuliowachagua hawapokei simu. Nimechukua chache zinazobeba na nyingine. Kwa msomaji mpya, mimi nilikuwa karani wa mahakama mpaka nikastaafu, na sasa niko nyumbani Lamu, mtaa wa Mkomani. Si wakili. Ninachokijua ni karatasi: namna kesi inavyozaliwa, na namna nyingi zinavyokufa kabla ya kuzaliwa kwa kuwa hakuna aliyeandika kitu.

Asalaam aleikum Bi. Mimi ni mvuvi. Mashine ya boti yangu, Yamaha ya farasi 40, imeng'olewa usiku boti ikiwa imefungwa hapa mbele ya nyumba. Asubuhi nilikwenda kituoni. Askari wa kaunta akaniuliza namshuku nani, nikamtajia. Akaniambia nikamtafute mwenyewe, nikimwona nipige simu. Kesho yake nikaambiwa boti ya doria haina mafuta, nichangie. Nikatoa elfu tatu. Niliporudi tena yule askari hayupo, na aliyekuwa zamu hana habari yoyote. Mashine ile nilikopa kwenye chama, bado nalipa. Wenzangu wanasema nisahau. Niambie ukweli: polisi wa nchi hii wapo kwa ajili yetu, au kwa ajili ya wakubwa?
*Mvuvi, Wiyoni*

Waaleikum salaam mwanangu, na pole sana. Mashine ikienda haliumii tumbo lako peke yako, na mabaharia wako wanalala njaa.

Nimeisoma barua yako nikitafuta kitu kimoja, sikukiona: nambari ya OB, kitabu cha matukio cha kituo. Umekwenda kituoni, umezungumza na askari zaidi ya mmoja, umetoa pesa, lakini hukusema popote kwamba mtu alifungua kitabu akaandika. Basi kwa upande wa serikali mashine yako haijaibwa. Iko kwenye boti mpaka leo.

OB ni kile kitabu kikubwa cha jalada gumu kinachokaa kaunta. Kila jambo linaloletwa kituoni huandikwa humo kwa mpangilio wa siku na saa: nani kaja, kasema nini, askari gani kapokea. Ukishaandikiwa unapewa nambari. Fungu la kwanza ni hesabu ya tukio kwa siku ile, kisha siku, mwezi na mwaka. Tukio la 17 la tarehe 9 Machi litaanza 17/9/3, halafu mwaka. Nambari hiyo hailipiwi hata senti moja, na hakuna askari mwenye ruhusa ya kuamua kwamba shida yako haistahili kuandikwa. Simama pale kaunta mpaka uipate. Ukiambiwa kitabu kinatumika, ngoja. Ukiambiwa rudi kesho, sema kwa adabu kwamba utakaa kwenye benchi mpaka mkuu wa kituo apatikane.

Sasa nikueleze kinachoniuma zaidi. Kitabu kile ndicho kinachohesabiwa. Mkuu wa kituo anapopeleka taarifa kwa wakubwa wake, hapeleki vilio vya watu gatini, anapeleka kilichoandikwa. Kamati ya usalama ya kaunti, inayoongozwa na kamishna wa kaunti, inaketi juu ya taarifa hizo. Zikiibwa mashine kumi zikaandikwa mbili, mwenye kugawa mafuta, boti na askari ataona huku kumetulia, na atapeleka kwingine. Askari aliyekuambia ukamtafute mwizi mwenyewe hakukunyima wewe tu. Alimnyima na mvuvi wa Matondoni ambaye ataibiwa mwezi ujao, kwa sababu boti ya doria itaendelea kukosa mafuta kwa hesabu inayosema hakuna wizi.

Kwa hiyo rudi. Beba risiti ya mashine, na kama huna, mwombe muuza mashine au chama kilichokukopesha wakuandikie barua. Beba nambari ya mashine yenyewe, ile iliyochongwa kwenye kibamba kidogo karibu na vibano vinavyoshika ubao wa tezi, huko nyuma ya boti. Kama hukuwahi kuinakili, uliza BMU yako, ile kamati ya wavuvi inayosimamia ufuo, huenda waliiandika uliposajili boti. Taja alama ambayo wewe peke yako unaijua: mkwaruzo, rangi iliyopakwa tena, propela iliyochomelewa. Kesi nyingi za wizi wa mashine hupotea mahakamani hapo hapo, kwa sababu mshtakiwa anasema ni yake na mwenye mali hana la kuonyesha ila hasira. Ukishaandikisha taarifa yako, isome kabla ya kutia sahihi. Ukiikuta haisemi ulichosema, usitie. Na mtazame askari kifuani: sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 inamtaka askari mwenye sare avae jina lake au nambari yake ya kazi mahali inapoonekana. Iandike pamoja na nambari ya OB kwenye karatasi moja, uiweke nyumbani.

Pesa ya mafuta usitoe tena. Hakuna sheria inayomtaka aliyeibiwa anunue petroli ya serikali. Na kuna sheria ya hongo ya 2016 inayomgusa mtoaji na mpokeaji wote wawili, kwa hiyo wanaokuambia "toa tu yaishe" wanakutia hatarini. Mtu akiomba, mwulize kwa sauti ya kawaida kama atakuandikia risiti. Nimeona watu wengi wakipata njia baada ya swali hilo.

Kama kituo bado kimekaa kimya, andika barua ya ukurasa mmoja kwa mkuu wa polisi wa kaunti ndogo. Peleka nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Hatua inayofuata ni IPOA, ile mamlaka huru ya kuwasimamia polisi iliyoundwa kwa sheria ya 2011, ambayo ina ofisi Mombasa na haitozi chochote. Sitakudanganya kwamba ni wepesi. Majalada yao ni mengi na wachunguzi wao ni wachache. Lakini barua yenye nambari ya OB, jina la askari na tarehe inafanyiwa kazi, na barua inayosema "polisi wa hapa ni wabaya" haiendi popote.

Umeniuliza polisi ni wa nani. Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 244, imejibu: wanatakiwa wawe na weledi na nidhamu, wazuie rushwa, waheshimu haki za watu, na wajenge uhusiano na jamii wanayoihudumia. Hayo yaliandikwa baada ya damu iliyomwagika kwa ghasia za uchaguzi za 2007 na 2008, na baada ya jopo la Jaji Ransley la 2009 kusema wazi kwamba polisi tuliowarithi kwa mkoloni hawatufai. Kwa hiyo karatasi ni yako. Utekelezaji ndio hujaupata, na una haki ya kukasirika. Sisi wa Lamu tunajua kwamba serikali ikitaka inaweza. Baada ya mauaji ya Mpeketoni, Juni 2014, yaliyochukua roho za watu zaidi ya 60, tuliwekewa amri ya kutotoka usiku, na wavuvi wa usiku wakakaa nyumbani miezi na miezi wakitazama bahari. Watu waliolala na njaa kwa ajili ya usalama wa nchi hii wanastahili angalau kuandikiwa mali yao iliyoibwa.

Nitasema na la upande wa pili, maana ni haki. Askari wengi wanaishi katika nyumba za mabati zinazovuja, na jopo la Jaji Mkuu mstaafu David Maraga, lililoundwa Desemba 2022, lilitazama mishahara na maisha yao likakuta hali mbaya. Hilo nalikubali kabisa. Lakini askari asiye na mafuta bado ana kalamu.

Bi, shikamoo. Mwanangu wa miaka 20 alichukuliwa Ijumaa baada ya magharibi akiwa amekaa barazani na wenzake. Walisema ni msako, kuna duka limevunjwa. Nilikwenda usiku ule, wakanizuia mlangoni. Jumamosi wakaniambia mahakama imefungwa. Jumatatu asubuhi akaniambia askari mmoja nikilipa elfu tano ataachiwa, nikauza mkufu nikalipa. Hakupelekwa mahakamani, hakuambiwa kosa. Ana alama mgongoni. Naogopa kulalamika wasije wakamrudia.
*Mama, Kashmir*

Marahaba mwanangu. Nimekaa na barua yako muda mrefu.

Kwanza mgongo wa mtoto. Mpeleke hospitali leo, kabla hujafikiria jambo lingine lolote. Mwambie daktari aandike anachokiona: alama ngapi, ziko wapi, urefu wake, rangi yake. Alama zikipona, ushahidi umekwenda. Piga picha pia, na kwenye moja uso wake uonekane pamoja na mgongo.

Pili, sheria. Ibara ya 49 ya Katiba inasema mtu akikamatwa aambiwe sababu hapo hapo, kwa lugha anayoielewa. Ana haki ya kunyamaza, na haki ya kuzungumza na wakili au mtu mwingine wa kumsaidia. Afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Kama saa hizo zinaishia wakati mahakama haifanyi kazi, apelekwe siku ya kwanza mahakama ikifunguliwa. Hapo ndipo walipojificha: anayekamatwa Ijumaa jioni saa zake zinaisha Jumamosi, basi wanamkalia hadi Jumatatu. Kamatakamata ya Ijumaa mbinu yake ni hiyo, na inawaangukia maskini zaidi kwa kuwa hawana wakili wa kumwamsha usiku. Lakini hata kwa hesabu hiyo, Jumatatu mwanao alitakiwa awe mbele ya hakimu, au awe nyumbani bila ya mkufu wako kuuzwa. Kumweka hadi Jumatatu halafu kumwachia kwa pesa isiyo na risiti hakuna jina zuri.

Dhamana ya polisi ipo kisheria. Ikiwa ni ya pesa, inaandikiwa risiti rasmi ya serikali, na kesi ikiisha na mtu alikuwa akihudhuria, pesa inarudi. Pesa bila risiti si dhamana.

Na kukuzuia mlangoni walikosea. Sheria ile ile ya polisi ya 2011 inampa aliye kizuizini haki ya kuwasiliana na familia yake na kutembelewa, na inakitaka kituo kiweke daftari la watu wote walioko seli. Mama wengine wanaosoma hapa, shikeni hili: mkifika kituoni usiku, ombi la kwanza lisiwe "naomba mwanangu." Ulizeni, "Jina lake limeandikwa kwenye daftari? Ameingia saa ngapi? Kosa gani? Afisa gani anashughulikia?" Andikeni majibu mkiwa hapo hapo. Mtoto aliyeandikwa ni vigumu kupotea.

Hili silisemi kwa kukutisha. Juni 2025 nchi nzima ilimlilia Albert Ojwang, mwalimu kijana aliyekamatwa Homa Bay kwa maneno ya mtandaoni, akasafirishwa hadi Nairobi, akafia mikononi mwa polisi. Tuliambiwa kwanza kwamba alijigonga ukutani. Daktari wa serikali aliyeuchunguza mwili akaeleza kwamba majeraha yale hayalingani na mtu aliyejigonga mwenyewe. IPOA ikaingia, na polisi wakashtakiwa. Ukweli ule ulitoka kwa sababu palikuwa na uchunguzi wa mwili uliofanywa vizuri, na baba hakukubali kunyamazishwa. Kwa hiyo barua ya daktari ninayokuomba si karatasi tu.

Kuhusu hofu yako, siwezi kukuambia usiogope, mimi siishi nyumbani kwako. Ninachokuomba ni usiende peke yako. Nenda na mzee wa mtaa, imamu, au mtu wa shirika la haki. Muhuri, shirika la haki za binadamu, wapo Mombasa na wamefanya kazi hii ya Pwani tangu 1997, na watu wa Lamu si wageni kwao. Wao wanaweza kuiandikia IPOA kwa niaba yako. Na kama siku moja, Mungu apishe mbali, mtu akachukuliwa na kila kituo kikakataa kuwa naye, kuna ombi la kupeleka Mahakama Kuu la kuilazimisha serikali imlete mbele ya jaji. Ibara ya 25 inasema haki hiyo haiwezi kupunguzwa kwa sababu yoyote, hata ukitajwa ugaidi. Familia nyingi za huku kwetu zimesubiri wiki kabla ya kuambiwa hilo. Lipelekeni siku ya kwanza.

Mwalimu wetu, mtaani kwetu mwanzo ilikuwa viatu msikitini. Sasa ni mitungi ya gesi, betri za sola, nguo kwenye kamba. Wezi ni vijana wetu, watumiaji wa unga, tunawajua mpaka mama zao. Tukiwapeleka kituoni asubuhi, jioni tunapishana nao sokoni. Vijana wa mtaa wameapa kwamba atakayeshikwa safari hii hatafika kituoni. Nami nimechoka kuwazuia. Nikinyamaza nina kosa?
*Mzee wa mtaa, Langoni*

Shikamoo mzee wangu. Usinyamaze.

Katika mahakama moja niliyofanya kazi lilikuja jalada la vijana walioshtakiwa kwa kumuua mwizi wa simu. Vielelezo vilikuwa ndani ya gunia: fimbo mbili, kipande cha tofali, na kandambili moja ya marehemu, ya mguu wa kushoto. Kila kimoja kilikuwa na kikaratasi cha nambari kilichofungwa kwa uzi, na kila siku ya kesi ilikuwa kazi yangu kuvitoa na kuvirudisha. Simu yenyewe haikuwamo. Haikupatikana kamwe. Mmoja wa washtakiwa hakupiga mtu, alishika tochi ili wenzake waone. Mama yake alikuwa akija na chai kwenye chupa, akikaa benchi la mwisho. Kijana yule alidhani tochi itamwokoa.

Haikumwokoa, kwa sababu kifungu cha 21 cha Kanuni ya Adhabu kinasema watu wakiungana kwa nia moja ya uovu, na likatokea kosa ambalo ni tokeo la nia hiyo, kila mmoja anahesabiwa kuwa amelitenda. Aliyerusha jiwe moja, aliyefunga mlango wa kichochoro, aliyemulika, wote. Adhabu ya mauaji inafika hadi kunyongwa. Tangu Mahakama ya Juu ilipotoa uamuzi wa kesi ya Muruatetu mwaka 2017, jaji ana nafasi ya kupima, halazimiki kutoa hukumu hiyo. Lakini hata akipima, ni miaka mingi ya ujana. Waite vijana wako jioni moja, uwasomee aya hii.

Na yapo ya Mwenyezi Mungu kabla ya ya mahakama. Mnamjua mpaka mama yake. Mtakwenda kumpa mkono wa pole?

Sasa kwa nini mnapishana nao sokoni jioni. Sababu ya kwanza ni kwamba dhamana ni haki ya kila mshtakiwa, na mwizi wa mtungi wa gesi ataipata. Hiyo siipingi. Ya pili ni ile niliyomwambia mvuvi: mara nyingi hakuna taarifa iliyoandikwa, mmemkabidhi tu mkaondoka. Askari atamfungulia nini? Ya tatu ni chungu kwetu sisi wenyewe. Kesi ikifika mahakamani, mwenye mtungi haji. Mara ya kwanza kaenda Mombasa, mara ya pili mama wa kijana kamlilia, mara ya tatu kesi inafutwa kwa kukosa shahidi. Nimeandika maneno hayo kwenye majalada mpaka mkono ulizoea. Kama mtaa umechoka kweli, chagueni watu wawili wa kumsindikiza kila mwenye mali siku ya kesi yake, na wasimwache mpaka atoe ushahidi.

Unga ni maradhi, na maradhi hayatibiwi na seli. Malindi kuna kliniki ya methadoni, dawa inayomsaidia mtu kuacha unga, na wapo watu waliokuwa mateja wa kutupwa ambao leo wanafanya kazi na kulea watoto. Kudhibiti dawa za kulevya kumetajwa katika Jedwali la Nne la Katiba miongoni mwa kazi za serikali ya kaunti. Mwulizeni mwakilishi wenu wa wadi bajeti ya mwaka huu imeweka nini kwa matibabu ya vijana hawa. Na anayewauzia unga, ambaye nyumba yake mnaijua pia, mbona barua yako haikumtaja? Vijana wanaapa kumuua anayeiba ndoo, na muuzaji anapita Barabara Kuu akiamkiwa. Hasira ya mtaa imeangukia mlango usio wake.

Bi, nimemwuliza mbunge habari za usalama, kasema hiyo ni kazi ya serikali kuu. Gavana naye kasema polisi si wake. Kamishna hatukumchagua. Wakati wa kura wote walikuja Mokowe na wote waliahidi usalama. Mimi 2027 silali foleni tena. Kuna faida gani?
*Kijana, Mokowe*

Mwanangu, wote wawili wamekuambia nusu ya kweli, na nusu waliyoiacha ndiyo kazi yao.

Ni kweli gavana haamrishi polisi. Hata Rais na waziri hawaruhusiwi kumwamuru Inspekta Jenerali amchunguze nani au asimchunguze nani, Ibara ya 245 imekataza, na ni vizuri ilivyokataza. Lakini sheria ya polisi ya 2011, kifungu cha 41, inaunda mamlaka ya polisi ya kaunti, na mwenyekiti wake ni gavana. Wanaketi humo wakuu wa usalama wa kaunti pamoja na wananchi: wafanyabiashara, wanawake, vijana, watu wa dini, watu wenye mahitaji maalumu. Kazi yake ni kupanga vipaumbele vya usalama vya kaunti na kufuatilia kama vinatimizwa. Taa za barabarani ni kazi ya kaunti. Gati na vivuko ni kazi ya kaunti. Giza la gatini mnaposhuka na mizigo usiku ni lake gavana, wala hahitaji ruhusa ya Nairobi kuliondoa.

Mbunge ndiye anayepitisha bajeti ya polisi, na fedha za maendeleo ya eneo bunge zinaruhusiwa kutumika kwa miradi ya usalama, kama kujenga vituo. Akikuambia hana kazi hapo, mwulize alisema nini bungeni bajeti ya polisi ilipopita.

Usiishie kuuliza kwa mdomo. Ibara ya 35 inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya kupata habari ya 2016 inaitaka ofisi ijibu ndani ya siku 21. Andikeni, vijana wa Mokowe, barua moja kwa gavana: je, mamlaka ile imeundwa? Wajumbe ni nani? Imekutana lini? Ofisi ikinyamaza, rufaa inakwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala. Mkitaka kuandamana, Ibara ya 37 inawalinda mkiwa watulivu na bila silaha. Mpeni taarifa mkuu wa kituo siku tatu kabla, isizidi 14. Najua yaliyowapata wenzenu Juni 2024, walipokataa mswada wa fedha na wengine wakarudi nyumbani kwenye jeneza. Nililia kama niliowazaa. Siwezi kumwambia mtoto wa mtu atoke wala abaki, lakini siwezi kukubali kwamba haki ile ifutwe kwa kutuogopesha.

Kuhusu foleni. Katika kaunti yetu ya wadi 10 na maeneo bunge mawili, Issa Timamy alishinda ugavana 2013, Fahim Twaha akamshinda 2017, Timamy akarudi 2022. Ile ya 2017 tofauti yao haikufika kura 200. Hiyo ni idadi ya watu wanaojaa gatini Mokowe asubuhi moja ya siku ya soko. Tarehe ya uchaguzi ujao ni 10 Agosti 2027. Ukikaa nyumbani, wataamua wale waliobebwa na boti za mwenye pesa.

Nimepigwa na jirani, kituoni wamenipa P3 wakaniomba mia tano. Ni bei halali?
*Msomaji, Shela*

La. Fomu ya P3, ile ya polisi anayojaza daktari kueleza majeraha, hailipiwi polisi. Hakikisha nambari ya OB imeandikwa juu yake kabla hujaondoka. Daktari ajaze sehemu yake na kutia sahihi na muhuri. Ukitozwa chochote hospitali, dai risiti. Toa nakala mbili kabla ya kuirudisha kituoni, moja uiache kwa mtu mnayeaminiana asiyekaa nyumba moja nawe. Na ile mia tano, kama umeshaitoa, niandikie tarehe na saa, tutaiweka pamoja na za wenzako kwenye barua moja ya IPOA.